Fuko na Panya Bomani: Kuwaondoa Bila Kumdhuru Mtoto

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii hapa Gesima. Leo nazungumza hasa na akina mama, na magokoro wanaolea wajukuu, na yeyote anayebaki na mtoto nyumbani wakati wengine wamekwenda kuchuma majani chai. Mada yetu ni fuko na panya wanaochimba mashimo ndani ya boma. Wengine watauliza muuguzi anatafuta nini kwenye shimo la fuko. Si hiyo ni kazi ya afisa wa kilimo?

Sikiliza kwanza. Fuko akimaliza viazi vitamu, au mgomba wenye mkungu ukianguka kwa sababu mizizi imeliwa, mwenye shamba hupandwa na hasira. Huenda sokoni Keroka, hununua dawa ya panya kwa pesa kidogo, huipaka kwenye kipande cha kiazi au ndizi mbivu, kisha hukitia shimoni. Fuko anaweza kukila, au akakisukuma nje pamoja na udongo. Kesho yake asubuhi mtoto wa miaka 2 anazunguka bomani na anaona ndizi chini. Huyo ndiye tunayeletewa kituoni, amebebwa na mama anayelia. Mashamba yetu mengi hapa ni madogo, yanaanzia mlangoni na kuishia kwa jirani. Kwa hivyo sumu ya shambani ni sumu ya nyumbani.

Fuko na panya wanaweza kuondolewa bila sumu, na hilo ndilo nitakaloeleza leo. Halafu nitaeleza la kufanya ikiwa mtoto amekwisha kula sumu. Sehemu hiyo naomba kila mlezi aisikie, hata asiye na shamba.

Kwanza lazima ujue shimo ni la nani. Fuko ni mnyama mnene mwenye manyoya laini, macho madogo sana, na meno marefu ya rangi ya chungwa ambayo huonekana hata akiwa amefunga mdomo. Hukaa chini ya ardhi karibu maisha yake yote. Kila fuko mkubwa huishi peke yake katika njia zake, isipokuwa jike mwenye watoto. Humo ndani ana kiota cha kulala, mahali pa kuweka akiba ya mizizi na mahali pa choo. Dalili yake juu ya ardhi ni chungu la udongo mbichi, laini. Ukilitazama huoni tundu, kwa kuwa fuko hapendi mwanga wala upepo uingie kwake, na kila akitoa udongo huziba nyuma yake.

Shimo la panya ni wazi. Tundu lake huonekana, kingo zake zimelainika kwa kupita kupita, na mara nyingi utaona mavi yake karibu na kijia chembamba kwenye nyasi. Litafute kando ya msingi wa nyumba, chini ya ghala, nyuma ya choo, chini ya rundo la kuni, na mahali kuku wanapolishwa. Panya huishi wengi pamoja na huzaana upesi mno. Panya shamba jike hubeba mimba kwa wiki 3 na siku chache tu, na anaweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mara moja. Ndiyo maana ukiua panya 3 leo na kuacha chakula nje, mwezi ujao ni kana kwamba hukufanya lolote.

Kwa upande wa afya, wanyama hawa wawili hawalingani. Fuko hali sufuriani mwako. Hasara yake ni ya shambani: viazi vitamu, migomba, mihogo na nyasi ya nepia ambayo ng'ombe hutegemea. Nepia ikikauka, maziwa hupungua, na hapo mtoto ameguswa. Lakini panya huingia jikoni, hutembea juu ya sahani, hukojoa kwenye unga, na usiku anaweza kumng'ata mtoto aliyelala na mabaki ya chakula mikononi au mdomoni. Mnawishe mtoto mikono na uso kabla ya kulala.

Mkojo wa panya unaweza kuleta ugonjwa unaoitwa leptospirosisi. Majirani zetu wa Tanzania huuita homa ya mgunda. Mwezi wa Julai 2022, Wizara ya Afya ya Tanzania ilitangaza kwamba ugonjwa uliokuwa umewapata watu 20 na kuua 3 kule Ruangwa, mkoa wa Lindi, ulikuwa ni huo. Vijidudu vyake hutoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, hukaa kwenye maji na matope, na huingia mwilini kupitia mkwaruzo wa ngozi, macho au mdomo. Mgonjwa hupata homa kali, kichwa kuuma, misuli kuuma hasa ya miguu, na wengine macho huwa mekundu au ya manjano. Ni rahisi kudhani ni malaria. Ukifika kituoni na homa ambayo kipimo cha malaria hakikuiona, mwambie muuguzi kama nyumbani kuna panya wengi au kama umekuwa ukilima bila viatu kwenye maji. Una dawa, na ni bora ianze mapema.

Kuna pia tauni. Milima ya Lushoto, mkoa wa Tanga, iliteswa nayo kwa miaka mingi kuanzia 1980. Tauni huletwa na viroboto wa panya. Panya anapokufa, viroboto huuacha mwili uliopoa na kutafuta damu nyingine, nayo inaweza kuwa ya mtoto anayecheza hapo. Kwa hivyo, panya aliyekufa asishikwe kwa mkono mtupu, na ukiona panya wengi wanakufa wenyewe bila mtu kuwategea wala kuweka dawa, toa habari kwa afisa wa afya ya umma siku hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Nianze na fuko, kwa sababu huyo ndiye mnayelalamikia zaidi.

Fuko ana tabia moja inayomponza: njia yake ikifunguliwa, hurudi kuiziba. Wazee wetu walijua hivyo tangu zamani, na mtego wao hadi leo hakuna dawa ya dukani iliyoushinda. Asubuhi na mapema, au jioni, tafuta machungu ya udongo yaliyo mabichi. Yale makavu yaliyoota nyasi yaache, fuko hayuko hapo tena. Kati ya machungu mawili mapya, chomeka kijiti ardhini polepole mpaka kizame ghafla, hapo ndipo njia ilipo. Fungua kwa jembe, ondoa udongo uliomwagikia ndani kwa mkono uliovaa glavu au mfuko wa nailoni, na uangalie njia inaelekea wapi. Kwa kawaida inakwenda pande mbili, na hujui fuko yuko upande gani. Kwa hiyo mitego ni miwili, kila upande wake.

Mtego wenyewe ni kitanzi cha waya mwembamba au kamba imara kinachokaa ndani ya njia na kugusa kuta zake. Kitanzi hufungwa kwenye fito mbichi iliyochomekwa ardhini na kupindwa kama upinde. Fito huzuiwa na kijiti kidogo au uzi uliokatiza njia. Fuko akija na udongo wake kuziba, husukuma au hukata kile kizuizi, fito hufyatuka na kitanzi humbana. Wengine huweka kitanzi ndani ya mkebe uliotobolewa pande zote mbili ili udongo usikivuruge. Ukiona fito imesimama wima, kazi imekwisha. Ikiwa hujawahi kutega, usione haya kumwita anayejua. Kila kijiji kina mzee au kijana anayefanya kazi hii kwa malipo kidogo kwa kila fuko, na malipo yake ni nafuu kuliko nauli ya kumkimbiza mtoto hospitali.

Kuna mambo mawili ya usalama hapo. Shimo lililofunguliwa lisiachwe wazi watoto wakiwa wanacheza, maana mguu mdogo huvunjika humo, na fito ikifyatuka inaweza kupiga jicho. Zungushia matawi ya miiba, na uwaambie watoto wazi kwamba hapo hapachezewi. La pili, fuko aliyenaswa akiwa hai huuma vibaya. Akimuuma mtu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende kituoni kidonda kikatazamwe na uulizwe kuhusu chanjo ya pepopunda. Ni hivyo hivyo kwa aliyejikata kwa jembe. Watoto hupata kinga ya pepopunda katika chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kwa hiyo angalia kijitabu cha kliniki kama hizo zote tatu zimejazwa.

Ukimpata fuko, usiiache njia yake tupu. Fuko mwingine akiikuta huhamia, na hata panya au nyoka hupenda nyumba ya bure. Fukua machungu, jaza udongo na mawe, ushindilie. Halafu zungumza na jirani. Kutega upande mmoja wa ua huku upande wa pili fuko wanastarehe ni kazi bure. Sisi Abagusii tuna desturi ya kusaidiana kazi, risaga, na sioni kwa nini isitumike kwa fuko kama inavyotumika kwa palizi. Familia 5 au 6 zikitega wiki moja, zamu kwa zamu, mnaweza kupumua kwa muda mrefu.

Viazi vitamu vilivyokomaa visikae ardhini kama ghala, vivune. Mboga za mtoto, yaani chinsaga, rinagu na sukuma wiki, zinaweza kupandwa kwenye gunia lililojazwa udongo na samadi na kuwekwa juu ya mawe yaliyopangwa vizuri. Fuko hawezi kutoboa mawe. Gunia moja karibu na jikoni hupunguza pia mwendo wa mama. Wengine hupanda mtupa kuzunguka shamba wakisema unafukuza fuko. Nimeona mashamba yenye mtupa na fuko pia, kwa hiyo siwezi kukuahidi. Kumbuka tu kwamba majani ya mtupa ni sumu kwa samaki, usiyatupe karibu na bwawa au mtoni, na watoto wasiyatafune.

Kwa panya, mtego ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuwanyima chakula na malazi. Ghala liinuliwe karibu mita 1 kutoka ardhini, na kila mguu uvishwe bati lililokunjwa kama faneli iliyopinduliwa, ili panya akipanda ashindwe kupita. Matawi ya miti yasiguse paa la ghala. Unga, mchele na wimbi vitiwe kwenye ndoo au debe lenye kifuniko kinachokaza, maana mfuko wa plastiki panya hukata kwa dakika moja. Kuni na matofali yaliyosalia yasirundikwe ukutani mwa nyumba. Nyasi zifyekwe mita 2 au 3 kuzunguka nyumba, panya haogopi kitu kama kuvuka mahali peupe. Chakula cha kuku kisilale nje. Matundu yazibwe kwa mawe na saruji, na yale madogo kwa waya wa kusugulia sufuria uliokandamizwa. Panya mdogo hupenya tundu la upana wa kalamu, kwa hivyo usidharau ufa wowote.

Mitego ya ubao na chuma iweke sambamba na ukuta, ndipo panya hupita, na uifunike kwa boksi lenye tundu pembeni ili mtoto asiifikie. Wapo wanaotumia ndoo ya maji yenye mkebe unaozunguka juu yake. Inafanya kazi vizuri, lakini naomba msiiweke mahali ambapo mtoto anayetambaa au anayeanza kutembea anaweza kufika. Mtoto mdogo huzama kwenye ndoo yenye maji kidogo tu, kimya kimya, hata hapigi kelele.

Unaposafisha mahali palipokuwa na panya, usifagie mavi makavu, vumbi lake lisije likaingia puani. Fungua madirisha, changanya kikombe 1 cha jiki na vikombe 9 vya maji, nyunyizia, subiri dakika 5, kisha futa kwa kitambaa huku umevaa glavu au mifuko ya nailoni mikononi. Panya aliyekufa mzike kwa kina au mtupe chooni.

Mpenzi msikilizaji, sasa nataka kusema juu ya vitu vinavyomiminwa mashimoni. Nimesikia vingi: petroli, mafuta ya taa, dawa ya kupe ya ng'ombe, pilipili inayochomwa, na vidonge vya kuhifadhi mahindi. Petroli hulipuka usoni mwa anayewasha kiberiti. Dawa ya kupe huingia mwilini kupitia ngozi, na mvua zetu si haba, zinaweza kuiteremsha hadi kwenye chemchemi ya chini ya mlima ambayo watoto wako wanateka maji.

Lakini vinavyonitisha zaidi ni vile vidonge vya mahindi. Vingi vyake ni alumini fosfidi. Kidonge kikipata unyevu, hata unyevu wa hewa au wa udongo tu, hutoa gesi ya fosfini inayoua kwa kuvutwa puani. Mtu hufikiri gesi itabaki shimoni na fuko. Udongo una nyufa, msingi wa nyumba una nyufa, na gesi hupita. Mwezi wa Februari 2010, katika mji wa Layton, jimbo la Utah, Marekani, fundi wa kuua wadudu aliweka vidonge vya aina hiyo kwenye mashimo ya panya wa ardhini, nje ya nyumba ya familia moja. Gesi iliingia ndani. Wasichana wawili wa nyumba hiyo, mmoja wa miaka 4 na mwingine wa mwaka 1 na miezi 3, walikufa. Huyo alikuwa ni fundi wa kazi hiyo, na nyumba ilikuwa ya kisasa. Mwaka huo huo serikali ya Marekani ilikataza vidonge hivyo kutumiwa kwenye mashimo yaliyo kwenye makazi ya watu, na kwa majengo mengine ikaweka umbali wa futi 100, yaani kama mita 30. Sasa toka nje ya mlango wako, hesabu hatua 30 kubwa. Wengi wetu tutakuwa tumeingia kwa jirani, au tumefika kwenye dirisha lake la chumba cha kulala.

Vidonge hivi visitiwe shimoni bomani, na magunia yaliyotiwa vidonge yasilazwe katika chumba ambacho watu wanalala. Ukiwa navyo nyumbani sasa hivi, usivitupe chooni wala kwenye maji. Viweke nje ya nyumba ya kulala, pakavu, chini ya kufuli, mbali na watoto, na umuulize afisa wa kilimo namna ya kuvirudisha.

Na dawa ya panya ya kawaida? Ningependa isiingie kabisa kwenye boma lenye mtoto chini ya miaka 5. Najua hata hivyo kwamba wengine watanunua. Basi usinunue ile ya kupimiwa barabarani kwenye karatasi isiyo na jina. Nunua kwenye duka la dawa za kilimo, iliyo na maandishi na nambari ya usajili, kwa sababu siku ya hatari daktari atataka kujua ni sumu gani. Usiihamishe kamwe kwenye chupa ya soda au kopo la kakao. Usiipake kwenye chakula ambacho mtoto hula, yaani ndizi, mkate, samaki au kiazi kilichochemshwa. Iweke ndani ya boksi lililofungwa lenye tundu dogo la panya, na kila asubuhi uhesabu kilichobaki. Na mnyama yeyote aliyekutwa amekufa, awe fuko, panya au kuku, asiliwe. Hili nalisema kwa ajili ya vijana wachungaji wanaopenda kuwasha moto na kuchoma chochote.

Sasa, mtoto amekula sumu, au unashuku tu. Ufanye nini?

Toa kilichobaki mdomoni kwa kidole kilichofungwa kitambaa. Ikiwa sumu imemwagikia ngozi au nguo, mvue nguo na umwoshe kwa sabuni na maji mengi. Chukua pakiti, chupa au hata kile kipande cha ndizi, ukitie kwenye mfuko, uende nacho. Kisha ondoka. Usisubiri dalili, usisubiri baba arudi.

Usimtapishe. Usimtie kidole kooni, usimpe maji ya chumvi, mayai mabichi, mafuta ya kupikia wala maziwa. Najua tumeambiwa maziwa huua sumu. Maziwa hayaui sumu. Humfanya mtoto atapike, na matapishi yakiingia kwenye mapafu unakuwa umeongeza ugonjwa wa pili. Tena wakati unachemsha maziwa, dakika 20 zimekwisha. Makaa ya jikoni yaliyosagwa pia si ile dawa ya mkaa inayotumika hospitalini, na kumpa mtoto anayesinzia ni kumziba pumzi. Kama anasinzia au ana degedege, mlaze ubavu, usimtie chochote mdomoni. Katika gari fungua madirisha, hasa kama ametapika, kwa sababu sumu nyingine hutoa gesi ndani ya tumbo na harufu ya matapishi humdhuru hata anayembeba.

Inasaidia kujua kwamba sumu hizi hazifanani. Ile ya unga mweusi au wa kijivu wenye harufu kama kitunguu saumu mara nyingi ni zinki fosfidi. Huanza haraka: tumbo, kutapika, pumzi nzito. Haina dawa ya kuizima, hospitali husaidia moyo na pumzi mpaka mwili ushinde, ndiyo maana kila dakika ina thamani. Zile za jamii ya viuatilifu vya shambani humfanya mtoto atokwe na mate na machozi mengi, ahare, mboni za macho ziwe ndogo kama ncha ya sindano, na misuli itetemeke. Hizo zina dawa ya sindano, atropini, nayo hutolewa hospitalini.

Halafu kuna ile inayodanganya akina mama. Ni chembe au vipande vya rangi, bluu, kijani, waridi au nyekundu, vinavyofanya damu isigande. Mtoto akila hiyo, jioni anacheza. Kesho anacheza. Mama anashukuru Mungu na kusema haikuwa kitu. Siku ya 2, ya 3 au hata baadaye ndipo fizi au pua huanza kutoka damu, ngozi hupata alama za buluu bila kugongwa, choo au mkojo huwa na damu. Sumu hii ina dawa yake, vitamini K, na ikitolewa mapema mtoto hupona. Kwa hiyo mtoto aliyekula chembe za rangi apelekwe siku hiyo hiyo ingawa anacheka, arudishwe kupimwa damu jinsi atakavyoambiwa, na asipewe asprini.

Anza na kituo cha afya kilicho karibu nawe, usikipite kwa kudhani hospitali kubwa tu ndiyo itasaidia. Kituoni watalinda pumzi, watamtundikia maji ikihitajika, na kupanga apelekwe Nyamira katika hospitali ya rufaa ya kaunti, au Kisii katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa. Unaweza pia kumpigia mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako akusaidie kutafuta gari. Weka nambari yake na ya mwenye gari wa karibu kwenye ukuta, iandikwe kwa maandishi makubwa ambayo hata magokoro ataona.

Swali moja nimeulizwa mara nyingi kliniki: je, si afadhali kufuga paka tu? Paka ni mzuri kwa panya wa ndani, lakini fuko atamwona mara chache sana. Mpe paka chakula kidogo, mwenye njaa huenda kuwinda kwa jirani na harudi, na mpeleke achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa. Bundi pia ni msaidizi. Najua wengi wanamwogopa na watoto humrushia mawe wakisema anatabiri kifo. Bundi anakuja kwako kwa sababu kwako kuna panya, na usiku mmoja anaweza kula kadhaa. Mwacheni. Lakini paka na bundi wote wakila panya aliyekula sumu nao hufa, na hapo panya waliobaki huzaana bila wa kuwazuia.

Kama una fuko wengi na hujui mtegaji, njoo uulize siku ya kliniki ya watoto, tutakuelekeza kwa mtu wa kijiji chako. Njoo na kijitabu cha chanjo.